Mama Vijiti na Banda la Kumi na Saba

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, poleni na msiba, na asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake, tuliozaliwa wawili tu, na ni mfugaji wa kuku. Karatasi mliyopewa pale mlangoni ina wasifu wa ukurasa mmoja uliopitishwa na kamati ya familia. Huu ninaousoma ni mrefu zaidi. Marehemu aliniagiza mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, kwamba wasifu wake niuandike mimi na usiwe na uongo ndani yake. Lipo jambo moja ambalo yeye alikufa bila kulijua, na ninyi pia hamlijui. Nitalisema likifika mahali pake. Nikikwama, naomba msinipigie makofi ya kunitia moyo.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1968, saa nne asubuhi, katika zahanati iliyotazamana na machinjio ya mji. Baba yetu alikuwa mpima nyama na mama yetu fundi cherehani. Baba alivaa koti jeupe na kutembea na muhuri wa wino wa zambarau: nyama aliyoigonga muhuri iliuzwa, asiyoigonga ilichomwa moto. Siku moja, dada akiwa na miaka minne, aliukuta muhuri umesahaulika mezani akagonga kila mtu nyumbani, mama shavuni, bibi kiganjani, paka tumboni. Mimi nilikuwa mchanga wa miezi mitatu. Alinitazama sana, kisha akaniruka. Mama alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Huyu bado sijamkagua." Kisa hicho kilisimuliwa kila nilipoleta ripoti mbaya kutoka shule, na nilileta nyingi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaenda sekondari ya wasichana ya bweni, na kote huko alikuwa wa kwanza au wa pili. Akiwa wa pili hakula chakula cha jioni. Alihitimu udaktari wa mifugo mwaka 1993, shahada ya pili ya elimu ya vijidudu mwaka 1999, na uzamivu mwaka 2007. Mimi niliishia kidato cha nne. Hakuwahi kunitambia elimu yake hata siku moja, ila alikuwa na tabia ya kuniuliza swali halafu akanyamaza akinisubiri nijibu, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko mhadhara wa mtu mwingine.

Kazi aliianza kama daktari wa mifugo wa wilaya, akizunguka kwa pikipiki na boksi la chanjo. Mwaka wa sita alimtibu ndama mwenye jipu kwa dawa tatu, moja baada ya nyingine, na zote zikagonga mwamba. Ndama akafa. Mwezi uleule mwenye ndama akalazwa kwa kidonda cha mkono, naye akapewa dawa tatu, na zote zikashindwa. Alipona kwa kukatwa vidole viwili. Dada alisema hapo ndipo alipoacha kuamini kwamba kuna ugonjwa wa watu upande huu na ugonjwa wa wanyama upande ule. Mwaka 2000 alihamia maabara ya utafiti iliyo chini kabisa ya jengo la hospitali, vyumba vitatu na korido, na hapo alifanya kazi miaka ishirini na mitano.

Niwaeleze kazi yenyewe kama alivyonieleza mimi, mtu wa kidato cha nne. Alichukua kijiti chenye pamba nchani, akakipitisha puani au kooni mwa mtu, au kwenye kidonda, au nyuma ya mbuzi au kuku. Alichokipata alikipaka kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, akaweka juu yake vikaratasi vya mviringo vilivyolowekwa dawa. Kesho yake, palipo na dawa inayofanya kazi huonekana duara safi kuzunguka kikaratasi, kwa sababu wadudu wamekufa. Dawa iliyoshindwa haina duara, wadudu wamestawi hadi ukingoni mwa kikaratasi kana kwamba hakuna kitu. Alikuwa akivihesabu vikaratasi visivyo na duara, na kila mwaka viliongezeka.

Jina la Mama Vijiti alipewa mnadani. Aliwapima mifugo kisha akawapima wenye mifugo, na muuza mbuzi mmoja alimzuia mkono.

"Daktari, hicho si ndicho ulichomtia mbuzi wangu kule nyuma?"

"Hapana baba, cha mbuzi nimeshakifunga. Hiki ni chako."

"Basi andika vizuri, nisije nikapewa majibu ya mbuzi."

"Ukipewa majibu ya mbuzi mshukuru Mungu, mbuzi wako ana afya kuliko wewe."

Mnada mzima uliangua kicheko, na yule mzee akafungua mdomo.

Tarehe 12 Agosti 2000 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu mnayemwona, fundi wa majokofu. Walikutana alipoitwa kutengeneza jokofu kubwa la maabara lililokuwa likipoteza baridi. Anasema alifanya kazi siku nzima dada akiwa amesimama nyuma yake, na maneno aliyosikia yalikuwa haya tu, "Droo ya chini usiiguse." Shemeji alipenda kututania kwamba siku ya harusi alikabidhiwa mke pamoja na mke mwenza, yule wa nyuzi themanini chini ya sifuri. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 2002 na mvulana mwaka 2005. Umeme ukikatika, familia nzima iliinuka na kwenda maabara kama watu wanaokwenda kumtazama mgonjwa.

Kuna tabia yake moja iliyotutia aibu, na lazima niitaje. Dada alikuwa akienda kwenye mazishi ya watu asiowajua. Alikaa nyuma, akatoa rambirambi yake, akachukua karatasi ya wasifu, akaikunja na kuitia mkobani. Watu walisema ni mmbeya. Shangazi alimfuata akamwambia, "Mwanangu, watu wanasema unafurahia misiba." Dada akamjibu kwamba hakuna faili la hospitali lenye ukweli kama karatasi ya mazishi, kwa sababu imeandikwa na mtu mwenye uchungu, naye hasahau tarehe. Humo utakuta mtu alifanyiwa upasuaji mdogo Jumatatu, upasuaji ukaenda vizuri, Alhamisi akashikwa na homa, wiki ya pili akazikwa. Alizipanga kwa miaka na kwa mitaa, 1,140 kwa hesabu ya mwisho, na zilizomtia shaka alizifuatilia hadi nyumbani kwa wafiwa. Kilichomkera ni maneno haya, "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Kila alipoyakuta aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Aliniambia, "Hapa mtu alijua, akaficha. Wangu utauandika wewe, na usinifichie."

Sasa nafika mwaka 2016. Mwezi wa Mei, katika wodi ya watoto wachanga, walikufa watoto wanne ndani ya siku kumi na moja. Dada hakuwaandika kwa majina ya familia zao. Aliwaandika kwa vitanda walivyolala: cha pili, cha tano, cha sita na cha tisa. Wote walikuwa na mdudu mmoja, na kisahani chake hakikuwa na duara hata moja, pamoja na ile dawa ya akiba ambayo madaktari huifungia kabatini hadi nyingine zote zishindwe. Dada alipima masinki, mabomba, mikono ya wauguzi, nguo za vitanda. Hakuwa mtu wa kulia, lakini siku ile alikuja kwangu akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akasema, "Mdudu huyu hakuzaliwa wodini. Kuna mahali amefundishwa ile dawa."

Mirija minne yenye mdudu yule aliiweka droo ya chini. Mama anayefanya usafi maabara, yupo hapa leo, ameniambia kwamba kila Jumatatu asubuhi kwa miaka tisa dada alifungua droo ile, moshi wa baridi ukamfunika uso, naye akasema, "Hamjambo wanangu. Bado natafuta." Kisha akaifunga na kwenda kunywa chai. Siku za mwanzo mama huyu alidhani kuna mtu ndani.

Mama wa mtoto wa kitanda cha pili alikuwa mfanyakazi wangu. Alichambua mayai kwangu, akifuta na kupanga kwenye trei, hadi wiki aliyojifungua. Kwa hiyo banda langu liliingia kwenye orodha ya mabanda ya kupimwa. Yalikuwa kumi na nane, na langu liliandikwa namba kumi na saba, bila jina, kama mengine yote, ili mfugaji yeyote asiaibishwe.

Dada hakuwa na desturi ya kumshtukiza mfugaji. Alisema ukimshtukiza leo, kesho hakufungulii. Kwa hiyo alinipigia simu siku moja kabla, tarehe 6 Julai. Nilipopokea simu ile nilikuwa na kikombe cha unga wa dawa mkononi, nikiukoroga kwenye maji ya kuku mia sita. Ilikuwa siku ya nne ya kuwapa. Kuku walikuwa wakikohoa, na muuza dawa za mifugo aliniambia unga ule ni mkali, hauna mshindani. Nyuma ya pakiti niliona jina la ile dawa ya akiba, nililokuwa nimeshalisikia kinywani mwa dada, likiwa na herufi mbili tatu tofauti mwishoni. Nilijua. Nisije nikasema hapa kwamba sikujua.

Mwaka 2012 nilikuwa nimemwahidi kwamba nimeacha kuwapa kuku dawa hovyo. Sikuogopa kufungiwa banda. Niliogopa uso wake, na kile kimya chake. Kwa hiyo jioni ile, jua likiwa bado juu, niliwahamishia kuku wangu banda la nyuma, nikaazima kuku arobaini kwa jirani yangu mjane, kuku wa kujitafutia chakula ambao hawakuwahi kuonja dawa, nikawaweka banda la mbele. Jirani nilimwambia kuna watu wanakuja kupiga picha. Asubuhi dada alikuja na vijiti vyake, akapima thelathini, akipiga mluzi, bila kuuliza wengine wako wapi, kwa kuwa ni kwangu. Aliniuliza, "Mbona leo wananikimbia?" Nikamwambia, "Wamekuona daktari." Akacheka.

Baada ya wiki tatu majibu yalitoka. Banda la kumi na saba lilikuwa safi kuliko yote. Alinikumbatia. Tangu hapo aliwaleta wafugaji wengine kujifunza kwangu, na mikutano yake aliifungua kwa methali, kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikaa kiti cha mbele nikipiga makofi. Na unga ule? Niliuacha mara tatu, nikaurudia mara tatu.

Kuna jambo linaloniuma kuliko makofi. Mabanda yote mengine aliingia na glavu na viatu vya mpira. Kwangu alikuja kila Jumapili, akavua viatu, akaokota mayai kwa mikono mitupu, akamtania mwanangu, akajipangusa kwenye sketi. Mke wangu alimletea glavu siku moja. Dada alimwambia, "Za nini wifi? Hapa ndipo mahali pekee ninapopumzika." Miaka tisa ya Jumapili.

Tarehe 3 Septemba mwaka huu alifanyiwa upasuaji wa kutoa mawe kwenye nyongo. Ulikwenda vizuri. Siku ya saba alishikwa na homa, kidonda kikafumuka, kisha mdudu akaingia kwenye damu. Aliomba aletewe kisahani chake mwenyewe akione. Msaidizi wake wa maabara alikishika nyuma ya kioo cha mlango. Hakikuwa na duara. Dada alikitazama muda mrefu, akasema taratibu, kama anayemsalimu mtu, "Kumbe ni wewe." Aliagiza alinganishwe na wale wa mirija minne. Tarehe 8 Oktoba jibu lilikuja: ni yuleyule, ukoo mmoja.

Mtu mwingine angekata tamaa. Dada alichangamka. Aliketi kitandani, akaniambia, "Wale watoto hawakuweza kusema wamepita wapi. Mimi naweza. Chukua kalamu."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 10, mchana. Alitaja kila mahali alipogusa kitu chenye uhai kwa miezi sita, mimi nikaandika. Maabara. Mnada. Machinjio. Wodi ya upasuaji. Mabanda manne ya upande wa reli. Kwa jirani yake mwenye nguruwe. Alipumzika kidogo baada ya kila jina. Namba ya kumi na nne alisema, "Na kwako." Nikaandika, kwangu. Niliandika polepole, nikijua kwamba nikimaliza neno lile itabidi niseme. Akanishika mkono.

"Hapana, kwako futa. Kwako nilipima mwenyewe. Usinipotezee muda."

Nikafuta.

Dada alihesabu yaliyobaki. "Kumi na tatu. Basi ni mojawapo ya haya." Alilala akiwa na karatasi kifuani. Jumamosi alikuwa bado anaongea, nikampelekea maji. Jumapili aliongea maneno machache, na yote yalikuwa kuhusu yale kumi na tatu: hapa haiwezekani, pale huenda. Nilikaa kwenye kiti kando yake saa sita nzima. Jumatatu hakuongea tena, alinitazama tu, na sijui alikuwa akiuliza nini. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, akiwa na miaka hamsini na saba. Madaktari wameniambia kwamba hata ningesema, asingepona, kwa sababu dawa zilikuwa zimekwisha. Lakini angejua. Alitafuta miaka tisa, na jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti kando yake, likimpepea.

Karatasi iliyochapwa inasema alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Aliugua siku arobaini na moja. Baba mkubwa alituambia kwenye kamati, "Mambo ya wadudu yaacheni maabara, mazishi si mkutano wa wafugaji." Nilimwitikia, "Sawa baba." Nimezoea kuitikia. Tangu Jumanne nikiingia bandani, kuku hunyamaza wote kwa mara moja, nami husimama pale na debe la chakula nikimsubiri mtu aniulize kitu. Hakuna anayeuliza, na siwezi kutoka.

Mkuu wa maabara, nakuomba mbele ya watu hawa ufute majibu ya banda la kumi na saba ya Julai 2016. Si ya kuku wangu. Kama mdudu yule alitoka kwangu sina uhakika, kwa maana kuku wangu hawajapimwa hadi leo, na kosa langu ndilo hilo. Kesho nitakuwa nyumbani kutwa. Wapimeni wao, na maji yao, na udongo, na mimi, na mke wangu, na watoto wangu. Wafugaji niliowadanganya kwamba nafuga bila dawa, pakiti za unga ule nimeziweka mezani pa kusainia kitabu cha rambirambi, zitazameni mlinganishe na zenu.

Mama wa kitanda cha pili, umekaa pale nyuma, umekuja kumzika mtu aliyemtafuta aliyemuua mwanao. Jana nilifika hadi mlangoni kwako kukueleza. Ulinikaribisha, ukanipa kiti, ukanipa pole ya kufiwa na dada, nami nikaipokea, nikaondoka. Ulipaswa kulisikia hili ukiwa kwako, na si hapa mbele za watu. Sikuombi unisamehe. Nakuomba ukitaka kuniuliza lolote, uniulize, na safari hii nitajibu.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja na mtoto mmoja wa kiume, shangazi, baba mkubwa, wifi, wapwa watatu, wanafunzi kumi na tisa aliowafundisha kazi hii, na mdogo wake mmoja. Ameacha pia mdudu yule, ambaye yuko hai.

Mungu ampe dada yangu pumziko ambalo mdogo wake alimnyima.